Badala Yetu, kwa Namna Gani?

Kila Ijumaa Kuu inapokaribia, swali lile lile hurudi: je, msalabani Mungu alimwadhibu Yesu badala yetu? Wanaojibu ndiyo huwaona wanaosita kuwa wameikana Injili. Wanaosita nao hupita kiasi, wakaukataa ubadala wote. Naamini pande zote mbili hazijaisoma vema Walawi 16.

Siku ya Upatanisho, Haruni aliwapigia kura mbuzi wawili. Wa kwanza alichinjwa, damu yake ikaingizwa ndani ya pazia na kunyunyizwa kwenye kiti cha rehema, ili patakatifu patakaswe. Hatuambiwi kwamba dhambi ziliungamwa juu yake. Wa pili ndiye aliyewekewa mikono yote miwili kichwani, yakaungamwa juu yake maovu yote ya Israeli. Huyu hakuchinjwa; alipelekwa jangwani akiwa hai, na dhambi zikaenda naye. Aliyebeba dhambi hakuuawa, na aliyeuawa hakubebeshwa dhambi. Anayehubiri kwamba mnyama alipokea hasira iliyomstahili mkosaji atuonyeshe aya. Ubadala upo, tena mzito: mwingine anayachukua nisiyoweza kuyaondoa mimi. Adhabu ndiyo haionekani.

Hata mwanatheolojia Anselm, anayesingiziwa fundisho la adhabu, hakulifundisha. Katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098 alisema ni ama malipizi ama adhabu. Kwa kuwa Kristo alitoa malipizi, adhabu haikuhitajika. Aliyeipa lugha ya mahakama nguvu yake ni Calvin, msomi wa sheria, zaidi ya karne nne baadaye.

Isaya 53 inataja adhabu waziwazi, na mwandishi wa makala ya pili katika toleo hili ananibana hapo kwa haki. Wanaokubaliana nami waanze na makala hiyo. Uchambuzi kuhusu mwanatheolojia Gustaf Aulén ni mfupi na unaeleweka. Makala kuhusu Uamsho wa Afrika Mashariki inaonyesha jinsi ndugu wa uamsho huo walivyoiimba damu kuwa inayoosha, nami nafurahi kuichapisha.

Nisichoweza kukinyamazia ni mahubiri yanayomfanya Baba mkali na Mwana mpole, kana kwamba mmoja alimtuliza mwingine. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba Mungu mwenyewe alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Ndugu wahubiri, kabla ya Ijumaa Kuu isomeni Walawi 16 yote. Msiishie kwa mbuzi wa kwanza.