Mwacheni Kwanza Acheze

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, vijiwe vya Dodoma vinarudia sentensi ile ile: dogo yuko tayari. Tayari kwa lipi, hakuna anayefafanua. Ana miaka 17, kafunga matatu kwenye ndondo, video yake imezunguka WhatsApp, basi keshakuwa wa Ligi Kuu. Mimi napinga.

Nipo mjini hapa kwa ajili ya shahada ya uzamili, na jioni tasnifu ikinichosha nakwenda kusaidia kufundisha timu ya vijana kwenye uwanja wa vumbi. Pale tulikuwa na kiungo mmoja kutoka Mpwapwa aliyekuwa anaiona pasi kabla yetu sisi tuliosimama pembeni. Klabu moja ya Ligi Kuu ikamchukua akiwa na miaka 17. Misimu miwili akasugua benchi, na mara nyingi hata benchini hakufika, alikaa jukwaani na jezi ya mazoezi. Alirudi na miaka 19, mzito, kila mpira anaurudisha nyuma. Hakuumia goti wala hakulewa sifa. Hakucheza tu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ligi Kuu ina timu 16, kwa hiyo kila timu inacheza mechi 30, sawa na dakika 2,700. Yosso anayeingizwa dakika ya 85 katika mechi tano anapata dakika 25 kwa msimu mzima. Katika umri huo mwili unajengwa na mechi, na akili ya mpira pia. Mazoezi na mastaa hayatoshi, hata kama picha zake zinapendeza.

Kocha simlaumu sana. Timu mbili zinashuka moja kwa moja, mbili nyingine zinaingia kwenye mchujo, na yeye anajua vipigo vitatu mfululizo vinaweza kumfukuzisha kazi. Mwezi wa nne, akiwa nafasi ya 13, atampanga beki wa miaka 31. Hata mimi ningempanga. Ninaowalaumu ni viongozi waliomsajili mtoto wakijua hayo yote, ili tu jirani asimchukue.

Mtaniambia Samatta alikwenda TP Mazembe mwaka 2011 akiwa na miaka 18. Ni kweli. Lakini alikaa Lubumbashi karibu miaka mitano, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, ndipo akaenda Genk Januari 2016 akiwa na miaka 23. Aston Villa ilikuja Januari 2020. Kila alipokaa, alicheza.

Mtazame na Kelvin John, aliyekuwa Serengeti Boys ya 2019, ile iliyofungwa mechi zote tatu za AFCON U-17 hapa nyumbani na kufungana na Nigeria 5-4. Tuliwazomea watoto wale kana kwamba ni watu wazima waliokula rushwa. Yeye akapelekwa shule Uingereza, akasubiri kutimiza miaka 18, mwaka 2021 akasaini Genk. Na Wabelgiji, pamoja na fedha zao, walimpa muda mwingi kwenye kikosi chao cha vijana kinachocheza daraja la pili.

Kuna hoja moja inayonisumbua kweli, na sikuipata kijiweni. Mama wa yule kiungo aliniuliza, “Mwalimu, mvua zikigoma mwaka huu, tutakula subira?” Mkoa huu mvua zinagoma. Mshahara wa mtoto, hata mdogo, ni gunia la mahindi ndani. Kwa hiyo anayehubiri uvumilivu bila kusema nani analipa gharama zake, anahubiri akiwa ameshiba.

Basi walipe wanaomtaka. Msajilini, mpeni mshahara, kisha mpelekeni kwa mkopo Championship au First League, kwenye timu inayomhitaji Jumamosi hii. Dodoma Jiji, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2020, ingeweza kuanza na watoto wanaokua umbali wa daladala moja kutoka Uwanja wa Jamhuri.

Na timu zetu za mchangani zisajili watoto kwa karatasi, si kwa midomo. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya ada hugawanywa, kwa kanuni za FIFA, kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Sisi tulimlea yule kiungo miaka minne. Jina lake lilikuwa kwenye daftari langu la mazoezi, kati ya orodha ya koni na deni la maji ya kunywa, na hakuna mahali pengine popote lilipoandikwa.