Kamera ya Dieudo Hamadi na deni la watu wa Mubambiro

Mtu anayetoka Goma kwenda Sake lazima apite Mubambiro. Mwezi wa pili wa mwaka 2024, vita vilipokaribia Sake, familia nyingi za Masisi zilipita barabara hiyo kwa miguu. Magodoro yalikuwa kichwani, watoto mgongoni, mizigo juu ya chukudu. Wapiga picha walikuwapo, na picha zao zilizunguka dunia nzima. Lakini mama aliyepigwa picha hakuulizwa jina, na mara nyingi hakuiona picha yake hata siku moja.

Kuna Mkongomani ambaye kazi yake yote inapinga namna hiyo ya kupiga watu picha. Ni Dieudo Hamadi, mtengenezaji wa filamu aliyezaliwa Kisangani mwaka 1984. Watu wa Kivu wanapaswa kumjua vizuri zaidi, kwa sababu njia aliyowaonyesha watu wa Kisangani ndiyo njia inayokosekana Mubambiro.

Hamadi alisomea mambo ya uganga kabla ya kushika kamera. Kazi yake moja ya kwanza, aliyoitengeneza pamoja na mwenzake, ilihusu wanawake waliojifungua kisha wakazuiliwa hospitalini kwa sababu hawakuwa na pesa za kulipa. Mwaka 2014 alitoa Examen d'État, juu ya wanafunzi wa Kisangani waliofukuzwa shuleni kwa kukosa pesa ya waalimu, wakajikusanya katika nyumba moja ili wajitayarishe wenyewe kwa mtihani wa serikali. Kila mzazi wa mashariki anaijua habari hiyo. Hamadi hakuitafuta mbali. Aliikuta mjini kwao.

Mwaka 2017 ikaja Maman Colonelle. Filamu hiyo inamfuata Koloneli Honorine Munyole, mwanamke wa polisi aliyekuwa akilinda wanawake na watoto Bukavu, kisha akahamishiwa Kisangani. Huko anakutana na wanawake ambao bado wanabeba majeraha ya vita vya siku sita. Hivyo ni vita vya tarehe 5 hadi 10 mwezi wa sita mwaka 2000, ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kati ya mji, katika inchi isiyo yao.

Miaka mitatu baadaye, Hamadi alirudi kwa waathirika hao na filamu En route pour le milliard. Watu waliokatwa miguu na mikono wanapanda mashua, wanashuka mto Kongo hadi Kinshasa kudai malipo yao. Mvua inawapiga njiani. Wakifika bungeni, wanazuiliwa mlangoni. Katika filamu hiyo hiyo wanaonekana pia wakicheza mchezo wa kuigiza juu ya mambo yaliyowapata. Mwaka 2020 ilichaguliwa katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes, heshima ambayo hakuna filamu ya Kongo iliyokuwa imeipata mbele yake.

Sifa ya Cannes ni nzuri, lakini si hiyo inayowahusu zaidi watu wa Masisi na Walikale. Kinachowahusu ni hiki: katika filamu za Hamadi, mwathirika haombi huruma. Anadai haki yake. Ana sauti, ana hasira, anacheka, anagombana na wenzake juu ya namna ya kuendesha mambo. Hamadi mwenyewe ndiye anayeshika kamera, na anakaa na watu muda mrefu mpaka wanamzoea. Anayefika asubuhi na gari na kurudi Goma jioni hawezi kuyapata hayo.

Wengine watauliza: filamu inamsaidia nini mtu aliyelala chini ya bashi bila chakula? Swali hilo ni la haki. Filamu haishibishi mtoto. Hata wale wa Kisangani walirudi nyumbani bila yale waliyoyafuata. Lakini kesi ya Kisangani inafundisha pia hasara ya kutoweka mambo kumbukumbu mapema.

Mwaka 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliamua kwamba Uganda inapaswa kulipa Kongo kwa uharibifu iliyoufanya. Kongo ilidai zaidi ya dola miliardi 11. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022, mahakama ilitoa dola milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa ajili ya mali na milioni 60 kwa ajili ya utajiri wa asili. Zaidi ya mara moja, majaji walisema ushahidi ulioletwa hautoshi. Vita vilipita, watu walizikwa haraka, nyumba zilijengwa upya, na hakuna aliyeandika kwa uhakika nani alipoteza nini.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, inayojulikana kama Mapping, inasema raia waliouawa katika vita vya siku sita ni kati ya 244 na 760. Kati ya hesabu hizo mbili kuna watu 516. Kila mmoja wao, kama alikuwapo, alikuwa na mama, jina na nyumba. Hilo ndilo deni la kumbukumbu, na halilipwi kwa dola.

Walikale inatoa mfano wa upande mwingine. Mwaka 2010, katika vijiji vya Luvungi na jirani zake, mamia ya watu walibakwa katika siku chache. Waathirika walikubali kusema, maneno yao yakaandikwa, na mashahidi wakasimama mahakamani. Mwezi wa kumi na moja 2020, mahakama ya kijeshi huko Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka kifungo cha maisha. Ilichukua miaka kumi, lakini neno lililohifadhiwa lilifika.

Sasa ni nani anayehifadhi neno la Mubambiro? Mwezi wa pili 2025, baada ya M23 kuiteka Goma, kambi za watu waliohama pembeni ya mji zilivunjwa. Waliokuwa wakiishi pamoja wakatawanyika. Mwezi wa tatu vita vilifika Walikale-kati. Kila mara watu wanapotawanyika, ushahidi unatawanyika nao. Yule aliyejua nani alizikwa wapi yuko kijiji kingine, au amevuka mpaka.

Kazi hii haipaswi kungoja wageni. Goma ina vijana wanaojua kutengeneza filamu, Yolé!Africa, kituo alichokianzisha Petna Ndaliko Katondolo, kimewafundisha wengi. Leo hata simu inatosha kurekodi mzee akieleza kijiji chake kilivyokuwa. Mashirika ya raia, makanisa na vyuo vikuu vingeweza kusaidia kuhifadhi kazi hizo pahali salama, nje ya mikono ya kila anayeshika bunduki.

Hatari ipo. Mwenye kamera Masisi anaweza kuitwa mpelelezi. Mwanamke aliyebakwa anaweza kuumizwa mara ya pili ikiwa sura yake itaonyeshwa bila ruhusa. Ndiyo sababu ustahimilivu wa Hamadi unafaa kuigwa kabla ya kamera yake: kukaa, kusikiliza, kuomba ruhusa, na kungoja. Mengine yarekodiwe sauti tu. Mengine yafungiwe mpaka siku ya usalama.

Watu wa Kisangani walingoja karibu miaka ishirini mpaka mtoto wa mji wao akawafuata hadi mlango wa bunge. Wale waliopita Mubambiro na magodoro kichwani hawapaswi kungoja hivyo. Wazee wanaojua majina ya waliokufa bado wako hai. Waulizwe sasa.