Mashine Haina Kiuno

Mwaka 2014 ilifunguliwa shule ya muziki huko Nyundo, karibu na Gisenyi, chini ya uongozi wa mwanamuziki Jacques Murigande, maarufu kwa jina la Mighty Popo. Baadaye ilihamishiwa Muhanga. Vijana hufunzwa humo kuimba na kupiga ala. Lakini mzazi ana haki ya kuuliza: ikiwa kompyuta moja yaweza kutoa sauti za bendi nzima, ya nini kijana ajichubue vidole kwa gitaa la besi?

Jibu limo katika wimbo wenyewe. Wimbo wa mahaba wenye asili ya fanki hujengwa kuanzia chini. Pigo la kwanza la kila mzunguko hutiwa mkazo, kama James Brown wa Marekani alivyowazoeza wapigaji wake miaka ya 1960. Besi hujibizana na ngoma, gitaa hudokoa kwa vipande vifupi, kinanda hutandika sauti laini. Kila mmoja hunyamaza ili mwenzake asikike, na ni katika ukimya huo kiuno cha msikilizaji huanza kucheza.

Marvin Gaye alilithibitisha jambo hili kwa mashine. Akiishi Ostend, Ubelgiji, alirekodi "Sexual Healing", uliotolewa mwaka 1982. Alitumia mashine ya ngoma Roland TR-808, iliyotoka mwaka 1980, ambayo mlio wake haukufanana na ngoma halisi. Hakuuficha mlio huo. Aliuacha udunde taratibu. Juu yake alipiga vinanda mwenyewe, Gordon Banks akapiga gitaa, na sauti ya Gaye ikalegea juu ya mapigo yasiyolegea. Mwaka 1983 wimbo huo ulipata tuzo mbili za Grammy.

Hapa Afrika Mashariki, vijana wa Just A Band wa Nairobi walichanganya sauti za kompyuta na fanki katika albamu yao "82" ya mwaka 2009, yenye wimbo "Ha-He".

Mashine ni kama askari mtiifu: haichoki wala haikosei hatua, ila haijui wakati wa kunyamaza. Amri hiyo hutoka kwa mtu mwenye sikio lililofunzwa. Basi mzazi asimnyang'anye mwanawe gitaa kwa sababu ya kompyuta. Akijaliwa uwezo, ampatie vyote viwili.