Chama cha madaktari wa mifupa kimekua, lakini Kiritiri bado ni mbali

Hapa Pwani, Kiritiri twaijua kwa muguka. Mzigo unaoshushwa Mombasa, Kilifi na Malindi watoka huko Mbeere, kaunti ya Embu. Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipoupiga marufuku Mombasa na Kilifi ikafuata, ni Mahakama Kuu ya Embu iliyosimamisha amri hizo. Tukatukanana mitandaoni, Pwani na Embu, kisha magari yakaendelea kuja.

Ugomvi huo una wenyewe, leo nauacha. Nazungumzia miguu. Muguka ukikaa hunyauka, na ukinyauka hauna bei, kwa hivyo gari linaloubeba haliendi, laruka. Na kabla ya gari kuna pikipiki za kuutoa shambani. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mnamo 2008, boda boda imekuwa kazi ya kijana asiye na kazi, Kiritiri sawa na Kisauni. NTSA hutuhesabia waliokufa barabarani, zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka. Aliyebaki hai na paja limekatika pande mbili hasomwi kwenye taarifa ya habari.

Nilipopita Kiritiri nilikunywa chai na kijana mmoja wa boda, mkongojo wake umeegemezwa mezani. "Mzee, mfupa uliunga, lakini mguu ukabaki mfupi," aliniambia. Alilazwa wiki nyingi, mguu ukivutwa kwa uzito uliofungwa kamba, huku jamaa zake wakichanga pesa za kununua chuma cha kuwekwa ndani ya mfupa. Pesa hazikutosha. Mfupa ukaunga ulivyotaka wenyewe.

Sasa tazama upande wa pili. Chama cha madaktari wa upasuaji wa mifupa nchini, KOA, kimekua, na mimi nafurahi kwa dhati. Zamani aliyetaka ubingwa huu aliufuata ng'ambo. Leo wasomeshwa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Moi, na wengine hupitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999, makao yake Arusha. Mkutano wa chama hufanyika kila mwaka. Wapo wa goti na nyonga, wapo wa uti wa mgongo, wapo wa mifupa ya watoto. Wamo na wanetu wa Pwani, alhamdulillahi.

Lakini bado ni wachache mno kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 50, na hao wachache wamerundikana mijini. Wapo wanaosema ni tamaa ya pesa. Nadhani hiyo ni nusu tu ya maneno. Daktari wa mifupa bila chumba cha upasuaji, bila wa kumlaza mgonjwa usingizi, bila eksirei na bila chuma, atafanya nini? Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na gavana aliyejenga ukuta akaupaka rangi akauita hospitali hajamwita daktari bado.

Ndiyo maana ile habari ya SIGN yanivutia kuliko hotuba zote. Lewis Zirkle, daktari Mmarekani aliyekuwa jeshini Vietnam, alianzisha shirika hilo mwaka wa 1999 huko Richland, jimbo la Washington. Walitengeneza chuma cha kupitishwa ndani ya mfupa mrefu na kufungwa kwa skrubu bila ile mashine ghali ya kuutazama mfupa wakati wa upasuaji. Hospitali hupewa bila mgonjwa kuuziwa chuma chenyewe, kwa sharti kwamba daktari aripoti kila upasuaji pamoja na picha zake za eksirei. Kimetumika Kenya pia. Aliyewekewa chuma cha namna hiyo huweza kusimama kwa mikongojo baada ya siku chache, badala ya kuganda kitandani wiki sita au zaidi. Kwa mtu anayekula alichochuma leo, tofauti hiyo ni karo ya watoto na kodi ya nyumba.

Tusiwacheke wanaokwenda kwa mwunga mifupa. Yuko karibu, hupokea malipo kidogo kidogo, hamwambii mtu arudi Jumanne. Mkono uliovunjika bila kidonda huenda akauweza. Hatari ni mfupa uliotoboa ngozi, au kifungo kilichokazwa mpaka damu haipiti, mguu ukafa, ukakatwa. Na kidonda cha namna hiyo chataka mambo mepesi katika saa za mwanzo: kioshwe vizuri kwa maji mengi safi, mgonjwa apewe dawa ya kuzuia vijidudu, mguu ufungwe vibao usicheze, kisha apelekwe mbele. Afisa wa kliniki aliyefunzwa ayaweza hayo, na KMTC ina kozi ya mifupa na majeraha. Hapo ndipo ningependa kuona nguvu za chama: bingwa wa Embu au Nairobi akishuka kuwafunza watu wa Kiritiri, akiwa na simu inayopokelewa usiku.

Jambo la pili ni pesa. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na swali la chuma lingali liko pale pale: nani anakinunua, na kwa bei ya nani? Wenye kujua bei halisi ni madaktari hawa. Chama kilichokua kina sauti wizarani, kiitumie kudai chuma cha paja na cha muundi kiwe ndani ya malipo ya bima, kisiwe cha kuandikiwa jamaa kwenye karatasi wakakitafute madukani.

Nasema Kiritiri, lakini namfikiria pia mtu wa Faza. Huyo akivunjika paja hupandishwa boti kwanza, mfupa ukicheza kwa kila wimbi, ndipo itafutwe barabara. Mkutano ujao wa KOA, mjumbe mmoja wa Pwani na mmoja wa Embu wasimame pamoja waulize: tangu mwaka jana, ni vituo vingapi nje ya miji vimeweza kuosha kidonda cha mfupa siku ile ile?