ELIMU YA WATOTO WETU: Hesabu za fedha ni kazi gani?



Mwezi huu tunajibu barua moja tu. Mama mmoja aliyekimbia kutoka Mute anasema kijana wake kamaliza darasa la 12, na anataka kwenda chuo kikuu kusoma hesabu za masoko ya fedha. Mjomba wake anataka awe mwalimu, basi. Mama anauliza: "Hizo hesabu zitamlisha?"

Swali zuri, mama. Tuseme mchuuzi anampa nahodha pesa kidogo leo, ili mwezi ujao awe na haki ya kununua samaki kwa bei waliyopatana, hata sokoni ikipanda. Ikishuka anaacha, na ile pesa imekwenda. Sasa pesa hiyo iwe kiasi gani, asipunjike mtu? Mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes walichapisha fomula ya swali kama hilo, wao kwa hisa za makampuni. Ndiyo kazi yenyewe.

Na si mambo ya Ulaya tu. Gesi ya Afungi tunaijua sote. Sheria ya mfuko wa taifa, iliyopita bungeni Desemba 2023, inasema miaka 15 ya mwanzo asilimia 40 ya mapato ya serikali kutoka gesi iwekwe kwenye mfuko, chini ya Banco de Moçambique. Bei ya gesi haitulii. Watu lazima wapige hesabu hizo, na sioni kwa nini asiwepo hata mmoja wa kwetu.

Jina la digrii lisimbabaishe. Hisabati au takwimu, yoyote inafaa, mradi asome kalkulasi, aljebra ya matriki, takwimu, na kuandika programu za kompyuta. Na zaidi ya zote somo la uwezekano. Vijana wanalikwepa kwa ugumu wake, lakini kazi hii yote ni kupima jambo ambalo bado halijatokea. Uhasibu ni kitu kingine: mhasibu anaandika pesa iliyokwisha pita.

Mjomba naye hajakosea. Kazi hizi kwetu ni chache, nyingi ziko miji mikubwa. Ila mwenye digrii ya hisabati akiongeza mafunzo ya ualimu anaweza kufundisha, kwa hiyo mlango wa mjomba haufungwi.

Pesa je? Ufadhili wa DAFI, ulioanza 1992, ni wa mkimbizi aliyevuka mpaka. Aliyebaki ndani ya Msumbiji hahesabiwi. Inauma, lakini afadhali kujua mapema. Akishapata digrii ya kwanza, aombe AIMS, chuo cha hisabati kilichoanza Afrika Kusini 2003 na sasa kipo Kigali pia. Wao hufadhili shahada ya uzamili.

Kama cheti kiliungua, aanze na hilo kabla ya yote. Mama, mlete Jumamosi baada ya adhuhuri, tuandike pamoja barua ya kwenda ofisi ya elimu ya wilaya. Aje na daftari lolote la shule lililobaki.