Neno la Mhariri: Chombo Kilichooza

Dai lililorudiwa mno msimu huu, kwamba watu wa Andes, kwa kuvitia vyombo vyao vya kunywea rangi na sura za miungu, walikuwa na adabu ya kunywa ambayo nyanda za Ankole, Uganda, hazikuijua, maadamu vigae alivyofukua mwanaakiolojia Shinnie huko Bigo mwaka 1957 aghalabu vina alama za kamba iliyobiringishwa juu ya udongo mbichi na basi, limetukera kiasi cha kulitanguliza mbele ya toleo zima. Kwani wanaolitoa hawakujiuliza ni chombo gani kilichooza.

Pwani ya Peru ni jangwa, na vyombo vya Nazca vimetoka makaburini na wekundu wao ungali mbichi. Ardhi yetu ina mvua na mchwa. Mnyankole mfugaji alikunywa maziwa katika ekyanzi, chombo cha mti kilichochongwa kikawa laini, kikafukizwa moshi wa nyasi hata maziwa yakapata harufu yake, kikawekwa kwa taadhima juu ya orugyegye, ulingo wa vyombo vya maziwa ndani ya nyumba. Na chombo hicho kikishatupwa, mchimbaji wa karne zijazo hapati hata kibanzi. Nao Wainka, wanaotajwa na wapinzani wetu kwa unyenyekevu wa kupita kiasi, qero zao za kunywea chicha zilikuwa aghalabu za mti, zenye nakshi za kuchongwa, na picha za rangi nyingi zikaenea hasa baada ya Wahispania kuingia mwaka 1532. Hoja ya rangi, basi, imeanguka katika nchi yake yenyewe.

Katika toleo hili, makala kuhusu wafinyanzi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale ni nzuri, ila imewasahau Watwa, ambao kwa vizazi vingi walifinyanga vyungu vya Rwanda na Burundi. Ile ya Kichwa cha Luzira, sanamu ya kale ya udongo, isomwe kwa subira.

Sisi tuna haja moja, wala hatuifichi. Ekyanzi huoza, lakini kifukizio chake kilikuwa cha udongo, na udongo haupotei. Watakaorudi kuchimba Ntusi, kabla ya kuhesabu alama za kamba kana kwamba kigae ni kalenda tu, watenge vigae vyenye masizi upande wa ndani na kuvipeleka maabara visivyooshwa. Na makumbusho ya Igongo, hapa Biharwe, yaweke kifukizio kando ya ekyanzi, kabati moja, kwa maelezo yanayomtaja mchongaji na mfinyanzi kabla ya mfalme.