Amani Haitadumu Mikono Ikiwa Mitupu

Tangu mapigano ya kikabila ya mwaka 1992, mikutano mingi ya amani imefanywa Sondu na kando ya mpaka wa Sotik na Borabu. Hata hivyo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 moto ulizuka tena. Wachumaji chai waliotoka sehemu nyingine walifukuzwa mashambani Kericho, na baadhi yao wakauawa. Twauliza: mbona amani yetu haina mizizi?

Jibu moja limo katika taarifa ya Septemba 1992 ya kamati ya Bunge iliyoongozwa na Mheshimiwa Kennedy Kiliku. Kamati hiyo ilipokea ushahidi kwamba wapiganaji walilipwa fedha, kwa kiwango maalum, kwa kila nyumba waliyochoma na kila mtu waliyemuua. Basi ghasia nazo zilikuwa ajira. Waliotaka kuyazima mageuzi kwa damu walijua jambo ambalo mikutano ya amani husahau: kijana asiye na kazi huajiriwa na yeyote anayemfikia kwanza.

Leo vijana hao wanaongezeka. Jopokazi lililoundwa na kaunti ya Kericho lilieleza mwaka 2023 kwamba, katika muda wa miaka kumi, mashine za kuchuma chai zilikuwa zimeondoa nafasi 30,000 za kazi katika kaunti hiyo pekee. Mwezi Mei mwaka huohuo mashine zilitiwa moto, na mwandamanaji mmoja akapoteza maisha. Makampuni yanasema kuwa gharama ya kuchuma kwa mkono imewashinda. Hatudai kwamba mashine zirudishwe zilikotoka. Twasema kwamba faida yake haiwezi kuwa ya mwenye shamba peke yake, huku hasara ikiachiwa mama aliyelea watoto kwa kikapu cha majani chai.

Dawa yenyewe si ngeni kwetu. Mwaka 1966 makanisa ya Kenya, kupitia baraza lao, yaliuliza kijana afanye nini amalizapo shule, na katika swali hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Katiba ya 2010 imeviweka vyuo hivyo mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo twadai mambo matatu.

Kwanza, makampuni ya chai yachangie mafunzo ya wale waliopoteza kazi, akina mama wakiwemo: kutengeneza mashine hizohizo, kusindika chai za aina nyingine badala ya kutegemea chai nyeusi tu, uashi, useremala, na ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Yafuate pia shauri la jopokazi kwamba sehemu 40 kwa mia ya chai iendelee kuchumwa kwa mkono.

Pili, kaunti zinazopakana zijenge vyuo mipakani, na kila darasa lichukue wanafunzi wa pande zote mbili. Kazi ikigawiwa "wenyeji" pekee, itakuwa mbegu ya mapigano mengine. Waliojenga nyumba moja pamoja hawatakuwa wepesi wa kuichoma.

Tatu, makanisa yatoe kumbi na viwanja vyao, na yawe mashahidi kwamba nafasi hazigawiwi kwa hongo wala kwa jina la ukoo.

Wala hatusemi kwamba ufundi ni badala ya haki ya ardhi. Watalai waliohamishwa kwa nguvu na serikali ya kikoloni kupelekwa Gwassi mwaka 1934 bado wana dai lao, na dai hilo lastahili kusikizwa. Lakini kesi ya ardhi huchukua miaka, na njaa haingoji hukumu.

Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Vyama vingi tulivipigania ili mwananchi awe na uwezo wa kuuliza. Basi kila mgombea atakayekuja kuomba kura Kericho na Bomet aulizwe hadharani: umewaandalia vijana kazi gani, kabla mwingine hajawapa mishale?